Kurasa Alizoziruka

Kiwandani kwetu Remedios, sisi ndio tuliolipa ili tusikie:
kila Jumamosi, sarafu kwenye kofia ya Eleuterio,
Jumatatu apande tena jukwaani
atusomee huku tukisokota biri,
vidole vikiwa kazini, masikio safarini.
Alipotukuna, tuligonga visu ubaoni.
Hayo ndiyo makofi yetu.

Miaka ishirini na miwili.
Sauti nzito, kahawa isiyotiwa maji ya pili.
Asubuhi gazeti: bei ya sukari, nani kafa.
Alasiri hadithi.
Tulifungwa pamoja na watu wasiokuwapo,
tukafilisika nao, tukaachwa na wachumba wao,
na mzee Baldomero, aliyezikwa na deni la duka,
alimlilia mjane wa kwenye karatasi
siku tatu, akisokota biri zilizopinda.

Mimi nilikuwa nabisha.
Shida ya kitabuni ina adabu, nilisema,
hupiga hodi, hukaa sura kumi na mbili,
huaga, mtu akaolewa.
Ya kwangu hulala sebuleni na viatu.
Eleuterio alicheka, akalowesha kidole, akafunua ukurasa.

Kisha koo.
Kwanza mkwaruzo, kisha damu kwenye leso,
kisha Havana, kisu cha daktari,
akarudi na tundu shingoni chini ya kitambaa cha buluu
na kijidaftari cha kuandikia "maji" na "asante".
Tajiri akampa meza karibu na dirisha ajifunze kusokota.
Mikono iliyotufungulia falme
ikashindwa na jani moja la tumbaku.

Kiti kikakaa bure mwezi mzima.
Kila mtu akarudishiwa shida yake mkononi
kama chenji.

Ndipo akapanda Casilda.
Casilda wa benchi la nne, aliyeishia darasa la tano,
aliyemzika Nicanor, mwanawe,
mwaka ule mto ulipofurika.
Akashika kitabu chenye jalada la kijani,
kilichofika baada ya mafuriko,
ambacho tulikwisha kukisikia mara tatu.
Alisoma akijikwaa, akirudi nyuma kuokota maneno
kama mtu aliyemwaga maharage.
Tulimngoja.

Siku ya kumi na moja akanyamaza katikati ya sentensi.
Akafunua. Akarudisha. Akafunua.
"Hapa kuna mtoto," alisema.
Hatukumjua mtoto yeyote. Mara tatu, hakuna mtoto.
"Anavuka mto. Na pembeni kuna maandishi ya kalamu ya risasi:
*Casilda yupo. Ruka mpaka 231.*"

Kumbe ndiyo maana mama wa kitabuni
kuanzia katikati hafungui tena dirisha la upande wa mto,
nasi tukadhani mwandishi kasahau.

Vichwa vyote vikageukia dirishani.
Eleuterio aliinamia jani lake.
Tundu la shingoni likapiga mluzi mwembamba.
Kijidaftari kilikuwa wazi, hakuandika kitu.

"Mara zote tatu?" Casilda aliuliza.
Akaitikia kwa kichwa.

Basi akasoma.
Kurasa saba. Maji, kelele, kamba iliyokuwa fupi.
Alipofika kwenye kiatu kilichonasa matetani
alisimama, akasema kwa sauti ya kila siku,
"Cha Nicanor hakikupatikana,"
akaendelea kutoka pale pale.

Kisu cha kwanza kugonga ubao
kilikuwa cha mtu asiye na sauti.
Halafu vyetu.

Mimi bado nabisha.
Ila jioni ile nilisokota biri moja iliyopinda,
nikaitia mfukoni,
msimamizi asiione.