Kanaba kwa Gia ya Kwanza

Daftari langu la mafuta lina jalada la kijani,
limelowa mara mbili, mara ya pili kwa chai ya Ishaka.
Ukurasa wa kwanza una maneno mawili: Jaza tangi.
Bei sikuandika. Nani alikuwa anaandika bei?

Tulikuwa watano, kila Desemba, Fort Portal mpaka Kisoro.
Baguma mbele, mimi nyuma yake juu ya ile kubwa,
cc mia sita na hamsini. Sisi, hutamka fundi,
na mtoto wa kaka yangu akauliza kwa mshangao:
"Shangazi, nyinyi mia sita wote mtalala wapi?"

Ukurasa wa tisa ndipo tarakimu zinaanza.
Elfu nne na ushei. Elfu tano. Elfu tano na mia nane,
na mhudumu wa pampu pale Kasese ananiuliza
kwa sauti ya muuguzi anayetafuta mshipa:
"Ya elfu ngapi?"
Lita hazitajwi tena.

Nyakaisiki akasema ada za shule.
Isingoma hakusema kitu, aliacha tu kupokea simu ifikapo Novemba.
Baguma aliuza yake, akanunua boda,
sasa anabeba watu na magunia ya mihogo pale Kabundaire;
ukipita anakupigia honi nyembamba,
kama mtu anayekohoa msibani.

Nami nikauza. Daktari wa meno, Mbarara,
alilipa taslimu, akaipapasa taa ya mbele kama shavu la mgonjwa.
Nikachukua cc mia moja, nyekundu,
yenye kiti kirefu cha abiria nisiye naye.
Lita moja, kilomita sitini. Nilipiga hesabu mara tatu,
nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Sitasema ndogo imenifundisha kuiona dunia.
Dunia niliiona hata juu ya ile kubwa, na mgongo haukuuma.
Sasa lori la ndizi likinipita Katunguru
upepo wake unanisukuma hadi kwenye majani,
na nyati mmoja ananitazama
bila huruma, bila dharau, akitafuna.

Kanaba nilipanda kwa gia ya kwanza.
Ukungu. Injini inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.
Mvulana mwenye gunia la viazi kichwani
akatembea sambamba nami kona mbili nzima,
akanisalimia, akauliza natoka wapi, naenda wapi, nimeolewa?
kisha, kwa adabu, akatangulia.
Juu kabisa nilimkuta ameketi juu ya gunia lake.
Alinipa viazi viwili vibichi, akasema
pikipiki yangu nayo inastahili kupumzika.

Nikiwa Kisoro daktari akapiga simu:
"Haitaki kuwaka."

Nilipitia kwake wakati wa kurudi.
Ilikuwa gerejini, chini ya shuka la maua,
kilomita kumi na moja tu zaidi ya siku niliyomkabidhi.
Betri imekufa kwa kukaa.
Tukaiamsha kwa waya za gari lake,
na iliponguruma, mabati yakaitikia, kuku wakatawanyika,
sisi wawili tukasimama pale tukicheka kama wezi.
Dakika moja. Ya pili. Vidole vyangu
vilikuwa vimekwisha kushika klachi bila kuniuliza.
Nikamwona anatazama saa,
midomo yake ikizidisha kimya kimya.
"Inatosha," akasema. Akazima.
Akaifunika taratibu, kuanzia taa.

Usiku ule, Fort Portal, nilifungua ukurasa wa mwisho:
Kwenda na kurudi, lita kumi na nne na kidogo.
Viazi, bure.
Mbarara, dakika tatu. Amelipa daktari.