Nguruwe Wekundu

Siku ya kwanza niliingia mle kupitia mvua.
Mvua ya kwenye kioo cha simu, isiyozaa matope,
ikinyesha juu ya mji wenye minara ya buluu,
na mimi, mwana wa Cimpunda, niliyezoea mvua ya kubeba nyumba,
nikasimama katikati ya soko lao nikitazama juu
mpaka mega zikaisha.

Wakati ule sikujua habari za ngazi.
Nilikuwa natembea tu.
Kulikuwa na mtu wa Kisangani aliyejiita Babu Kijiko,
hatukuonana hata siku moja uso kwa uso;
alinionyesha pango lenye samaki wanaotoa mwanga,
tukakaa mle usiku kucha bila kuua kitu,
tukiandikiana bei ya makala.

Kisha tukafika langoni.
Lango likasema: rudi ukishakua.

Nikarudi nyuma, kwenye bwawa la nguruwe.

Nguruwe mmoja, pointi nne.
Anakoroma, namchoma, anaanguka kwa ubavu wa kushoto,
anayeyuka kama chumvi,
nahesabu hadi kumi na mbili,
anaota tena palepale, penye jiwe lilelile,
na mkoromo uleule.
Nguruwe mmoja, pointi nne.
Namchoma, anaanguka kwa ubavu wa kushoto.
Kidole gumba kikaota sugu kama kisigino cha mbeba mchanga.
Nguruwe.
Nne.

Nilikuwa mlinzi wa usiku, depo ya saruji pale Nyawera.
Mzee Cirhuza alinilipa nikae macho;
nikakaa macho kwa ajili ya nguruwe.
Haba na haba, nilijiambia, hujaza kibaba.
Lakini kibaba cha mle, kila kikikaribia kujaa,
huondolewa, likaletwa pipa.

Babu Kijiko aliacha kabla yangu.
Aliandika: nimechoka kusaga mahindi nisiyoyala.
Jina lake likageuka la kijivu.

Dada yangu Nsimire, akichambua sambaza kwenye sinia,
aliniuliza bila kuinua kichwa:
"Sasa umefika ngapi?"
"Sitini na moja."
"Na huko sitini na mbili kuna nini?"
Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kusoma.
"Nguruwe wekundu."
Hakucheka. Heri angecheka.
Alimtupia paka kichwa cha sambaza,
akasema, "Haya."

Usiku ule, nguruwe wa mia mbili themanini na saba
alitokea penye jiwe lake
na mimi nikashusha mkuki.
Nikamwacha anipige.
Nikatazama mbingu ya bwawa lile:
mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameichora kwa mapenzi,
na kulikuwa na kiwingu chenye pindo la zambarau
ambacho kwa miezi minane sikuwahi kukiona.
Nikafa nikikitazama.

Sikuapa. Sikufuta kitu.
Ni kama chai iliyopoa: humwagi,
unaisahau tu dirishani.
Shujaa wangu nadhani yuko palepale,
mkuki chini, kifua kikipanda na kushuka;
huwa wanawawekea pumzi
hata wakiwa hawana kazi.

Nami alfajiri, Bukavu ikiwa bado na ukungu wa ziwa shingoni,
natoka depo napanda nyumbani
kwa ngazi za udongo tulizochimba kwa jembe.
Nazihesabu bado; mazoea yana taabu.
Juma lililopita zilikuwa mia na arobaini na mbili.
Mvua ikapita, ikala tatu, ikaacha nusu ya moja.
Leo nilikuwa nimefika tisini na kitu
M'Bisimwa akaniita toka mlangoni pake,
mkono mmoja ndani ya beseni la maharagwe,
akitaka kujua kama saruji imepanda bei,
nikasimama nikamjibu,
na hesabu ikanipotea.