Mama Anafagia Majani

Kwetu Limbani, ua safi ni ua mtupu:
udongo mwekundu uliopigwa na nyayo
hata ukang'ara kama chungu cha zamani,
na juu yake mistari ya fagio la chelewa
ambayo kuku ndiye wa kwanza kuisoma.
Mama kanilea hivyo. Jani likiota, ling'olewe.
"Panapo majani," husema, "nyoka keshapiga hodi."

Mimi nimerudi Wete na kiinua mgongo cha ualimu
na picha moja kichwani:
zulia la kijani nyuma ya nyumba,
tangu jiko la makonyo hadi ukuta wa choo,
mtu akae chini bila ya jamvi.

Nikaenda kando ya kiwanja cha skuli
na kiroba na kisu cha jikoni,
nikachimbua ukoka, kipande kwa kipande.
Bi Time akachungulia juu ya ukuta:
"Mwalimu, ng'ombe waja lini?"
Sikumjibu. Nilikuwa natia samadi,
napima shubiri baina ya mche na mche.

Wiki ya kwanza ukoka ukafa kwa aibu.
Wiki ya pili ukafufuka upande mmoja,
ule wa chini ya kamba ya nguo,
zinapochuruzika kanga.
Maji ya bomba huja saa nane za usiku;
nikawa naamka nayo, mpira mkononi,
namwagilia giza.
Asubuhi nakuta mashimo. Madogo, yamepangika,
kama mtu kalima mahindi akasahau mbegu.
Nikawashuku kuku wa Bi Time.
Nikamshuku Shaame, mjukuu wake, na mpira wa matambara.
Nikazungusha senyenge.
Mashimo yakaja ndani ya senyenge.

Siku moja, adhana ya alfajiri haijapoa, nikamuona:
Mama, macho yake yana ukungu wa miaka,
kachutama, vidole vinapapasa,
anang'oa mche, anautia pindoni,
anapapasa, anang'oa.
"Ndago hizi," akasema bila kugeuka,
"tangu alipokufa baba yako zimezidi."

Nilikuwa na la kusema. Nililimeza
kama tonge la moto mbele ya wageni.
Nikachutama naye, nikamshika mkono.
Hii ndiyo ndago, Mama; liviringishe bua lake,
lina pembe tatu, huhitaji kuliona.
Huu ni ukoka: mviringo, una vifundo, unatambaa.
Akaviringisha. Akanusa. Akarudia tena.
Kuku wawili walipita, na mtu wa mkate akapita,
kengele ya baiskeli yake ikaishia bondeni.
"Basi," akasema, "ya pembe niachie mimi."

Tangu hapo hakuna ndago Limbani yenye amani.
Huzifuata hadi kwenye kijungu chao, chini huko, cheusi,
akakitoa kama daktari anayetoa jino,
akakirusha upande wa Bi Time.

Lakini kufagia sikumuweza.
Kila alfajiri anafagia majani.
Nilimwambia majani hayafagiwi, Mama, hukatwa.
Akaniuliza kama nywele hukatwa tu, hazichanwi.
Anaanzia mlangoni, anamalizia ukutani,
pumzi kidogo, fagio, pumzi,
na ukoka wote sasa umelalia upande mmoja, kibla,
kama jamaa waliosikia Allahu Akbar.

Jana umande ulikuwa mwingi.
Aliporudi akakaa kwenye kizingiti, akajishika nyayo,
akazishika tena.
"Nani kaniosha miguu?"
Nikamwambia hakuna mtu. Hakuniamini.
Aliniangalia kwa yale macho yake, kwa muda,
kisha akadai chai.

Na leo Bi Time kaja na beseni,
ati nimkatie vipande viwili vitatu tu,
nyuma kwake kuna vumbi.
Nikamwambia, kamuulize mwenye ua.