Mstari wa Kumi na Moja

Fomu ina mistari ishirini. Wa kumi na moja unauliza:
Chanzo cha mtaji.
Na nafasi walioniachia ni urefu wa kiberiti.

Kijana wa dirishani, tai shingoni, jasho puani,
ananisogezea kalamu iliyofungwa kwa uzi
kana kwamba nimeshuka ngazi zote za Kadutu
hadi hapa Nyawera, nije kuiba kalamu.

Chanzo. Nianzie wapi, mwanangu?

Nianzie kwenye pipa la mawese kutoka Kamituga
lililoahidiwa Jumatatu likafika Ijumaa,
lori limevaa tope hadi kwenye taa?
Hilo nililipia kwa vitenge viwili vya harusi yangu,
vilivyokuwa havijaonja maji.
Mume wangu aliuliza viko wapi.
Nikamwambia, vinachemka.

Soda niliikopa kwa Bisimwa Lambert.
Lambert si jina la baba yake, ni jina la kazi yake:
anakupa mia, unarudisha mia na hamsini
kabla mwezi mwingine haujaandama.
Alishika rehani redio na karatasi ya kiwanja.
Alikaa, akanywa chai yangu, akaongeza sukari,
akahesabu noti mbele ya watoto.

Sabuni ya kwanza iliharibika. Soda ilizidi.
Vipande mia mbili na arobaini, vyeupe kama mfupa,
vikamenya mikono ya jirani yangu M'Cirhuza
kama mtu anavyomenya viazi.
Nikarudisha pesa za watu mlango kwa mlango, mvua mgongoni,
na kila mlango uliniambia pole
na kila mlango ulihesabu mara mbili.

Ndipo Nsimire.

Tuko kumi na wawili kwenye likelemba,
dola kumi kila Jumamosi, na zamu ni zamu:
haiombwi, haiuzwi, hairukwi.
Zamu ilikuwa yake. Wiki kumi na moja alikuwa ameingoja
kwa ajili ya bati; nyumba yake inavuja juu ya kitanda.
Akaweka bahasha karibu na jiko langu, akasema,
"Punguza soda,"
akaenda zake.

Riba hakuna. Karatasi hakuna.
Bisimwa nilimmaliza mwezi wa sita,
leo nampita njiani na hata salamu namwachia aanze yeye.
Nsimire nilimrudishia zote. Na bati nikamnunulia,
tukalipandisha mlima sisi wawili, upepo ukililiza.
Na bado mvua ikinyesha usiku
mimi huamka, nikakaa kitandani,
nikasikiliza upande wa nyumba yake.

Kijana anakohoa. Foleni imefika mlangoni.
"Mama, andika tu akiba binafsi.
Wote huandika hivyo."

Nikaandika. Ilienea vizuri kabisa,
hata nafasi kidogo ikabaki.
Kidole changu kiliacha doa la mawese pembeni ya neno binafsi.
Akalifuta kwa mkono wa shati,
likaenea zaidi.