Tofauti

Rēzekne, Januari, saa kumi na mbili asubuhi, giza bado.
Nimekuja kabla ya jua,
kwa sababu jua likishaupaka ukuta joto lake
ukuta hutoa habari za jua, si zake.

Bi Skaidrīte anafungua mlango, soksi juu ya soksi.
"Miaka kumi na mmoja nawaambia," anasema,
"ukuta huu unapumua."
Kampuni ya nyumba ilimjibu kwa barua:
avae sweta.

Nawasha kamera, naiacha ikae mezani.
Chombo kilichotoka nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
hakiulizwi neno mpaka kizoee chumba.
Hata mgeni hupewa maji kwanza.

Jikoni birika linachemka, linang'aa kama shilingi mpya.
Kamera inasoma ishirini na tisa.
Raitis, mwanafunzi wangu, anacheka: "Imeharibika!"
Haijaharibika. Kinachong'aa hakitoi cha kwake,
hukurudishia dari, taa, paji la uso wako.
Nabandika utepe mweusi, kipande cha ukubwa wa kucha:
tisini na sita.
Mvike mwongo koti jeusi, atasema kweli.

Na usiniulize ukuta una joto ngapi hasa.
Chombo hiki huweza kukosea nyuzi mbili, juu au chini,
lakini leo, chumba hiki, kinakosea sawasawa kila mahali;
basi hapa toa pale, kosa linajifuta,
inabaki tofauti,
hata ile ya sehemu moja ya kumi.

Tunasogeza kabati.
Zambarau inashuka kutoka darini kama wino uliomwagika,
kando ya rangi ya chungwa iliyotulia.
Hapa kumi na nne nukta moja.
Pale kumi na nane nukta nne.
Nyuzi nne nukta tatu: pamba iliyomo ukutani
iliporomoka zamani, kimyakimya, na hakuna aliyeisikia.

Naandika umbali, unyevu, upepo, saa.
Bi Skaidrīte hatazami kioo cha kamera.
Anapeleka kiganja ukutani, gizani kwa kabati,
anakiweka mpakani hasa, bila kuonyeshwa,
vidole huku, kifundo kule.
"Hapa," anasema.

Namwambia Raitis aandike na hilo.
Fomu haina nafasi, anasema.

Pembeni basi. Kwa kalamu.