Kabati Lisilo na Kioo

Kibali kilitoka Jumanne, wino wa muhuri ungali mbichi,
nawe ukaichukua bunduki ya marehemu baba yako
kule polisi ilikolala miaka miwili,
ukaileta imeviringishwa kwenye kanga yangu ya sikukuu,
ukaisimamisha nyuma ya mlango.
Nyuma ya mlango, Edmundi!
Pale tunapoegemeza mchi na fagio.

Sikatai. Nguruwe wametufyeka mihogo ya Chiungutwa,
karanga wamezifukua kabla yetu sisi wenye majembe.
Bunduki ina kazi yake. Nilisema tu
ipewe chumba chake,
kama mgeni usiyemjua vizuri.

Mtwara mjini walituonyesha kabati la mninga,
milango ya kioo, taa ndogo ndani, kitambaa chekundu.
Ukatabasamu. Nikajua umeshaliona sebuleni,
wageni wanakunywa chai na kukusifia.
Nikamwuliza muuzaji, kioo hiki kinazuia nini?
Akafikiri.
Akasema, vumbi.

La pili lilikuwa la namba na betri,
bei yake magunia kumi na moja ya korosho, daraja la kwanza,
na mnada wa pili bado haujatulipa.
Halafu namba, wewe?
Wewe uliyesahau siku ya ubatizo wa mwanao?
Ungeiandika kwa mkaa ukutani, juu ya kitasa.

Tukarudi Masasi kwa Chitete mchomeleaji,
mtu wa mageti na vitanda vya bweni,
ndiye aliyeunda msalaba wa kaburi la baba yako.
Akagonga pleti mbili kwa kifundo cha kidole.
"Milimita mbili huimba," akasema. "Milimita tatu hunyamaza."
Tukachukua inayonyamaza.
Bawaba ziwe ndani, nikasema, za nje mwizi huzing'oa kwa nondo.
Risasi zipate kisanduku chao na kitasa chao:
waliogombana hawalazwi kitanda kimoja.
Chitete akainua miwani yake ya giza,
"Mama Thekla, kibali kina jina la nani?"
Nikamwambia achomelee.

Ukuta wetu wa tofali mbichi haukuishika bolti,
ilitoka na udongo wake, kama jino la mtoto.
Ikabidi tuvunje sakafu, tumwage zege,
mfuko mzima wa saruji niliouwekea choo,
na siku saba tukalimwagilia asubuhi na jioni
kama miche.

Likabaki jambo dogo. Ufunguo.
Ukasema, juu ya kenchi.
Thekla hupanda kenchi kufuata mayai ya njiwa.
Ukasema, ndani ya kibuyu cha mbegu.
Humo huficha gololi zake.
Chini ya godoro? Ndiko alikoikuta barua ya deni la chama,
akatusomea kwa sauti mbele ya mjomba.
Ana miaka saba. Nyumba hii anaijua kwa vidole,
hatuna siri asiyoipapasa.

Usiku ule ulipolala nikafungua uzi wa shanga zangu,
zile za manjano alizonivisha kungwi,
nikautunga ufunguo katikati yao, nikafunga fundo.
Ulinichoma kwa ubaridi kwenye nyonga.
Baadaye ukashika joto langu, nikausahau.

Ufunguo wa pili haupo. Chitete aliusaga nikimtazama,
cheche zikamwagika hadi kwenye kandambili zangu.

Kwa hiyo mbwa wakibweka upande wa mihogo
utaniamsha mimi kwanza.
Utaniambia unakwenda kumpiga nani,
kwa maneno kamili, nikiwa macho,
nami nitaisogeza taa nikutazame usoni
kabla sijaligusa fundo.