Urefu wa Mchi

Muuzaji alizilaza tatu juu ya kioo,
akasema, Mama, kutazama hakulipiwi.

Ya kwanza ya Kituruki, inajikoki yenyewe:
unafyatua, ganda linaruka,
nyingine imeshaingia chemba,
tano kabla hujapumua.
Hii ndiyo rahisi katika jamii yake, akasema.
Rahisi: magunia tisa ya korosho daraja la kwanza,
kwa bei ya mnada ule mzuri, siyo huu wa juzi.

Ya pili unaivuta kwa mkono, krachá-krachá;
sauti yake tu, mwizi anaacha kandambili mlangoni.
Magunia sita.
Ya tatu mitutu miwili, kitako kimefungwa waya,
ilikuwa ya bwana nyama mmoja wa Liwale, marehemu.
Hiyo hakuitaja bei. Alisubiri niulize.

Niliuliza, ina urefu gani?
Akacheka. Wateja wangu huuliza inafika wapi.

Mimi ukumbi wangu kule Mahuta,
kutoka kitandani hadi mlango wa mbele,
ni hatua saba,
na hatua ya nne ndipo anapolala Nambwele, mjukuu,
juu ya mkeka, maana chumbani kwake kuna magunia.
Ukuta ni miti na udongo. Nyuma ya ukuta, jirani.
Kitu kinachofika mbali
nitakifikisha kwa nani?

Akanipa ile ya Kituruki.
Bega langu la kulia limeliwa na bomba la salfa,
misimu ishirini na miwili ya kupulizia mikorosho.
Usiogope, akasema, ya kujikoki haina teke kali,
nguvu ya risasi yenyewe ndiyo inarudisha chuma.
Nililipenda hilo.
Tangu niolewe hadi nizike,
sijawahi kupewa teke lililopunguzwa.

Nikaipima kwa kanga. Nikafunga fundo.

Kibali kina njia yake:
mtendaji, kituo cha polisi, alama za vidole,
picha ndogo nne, na fomu inayouliza
una ugomvi na nani.
Nikaandika: sina.
Nikafuta.
Nikaandika: na wale waliomfunga kamba Bi Asumini
usiku wa malipo ya pili,
wakabeba hela, wakabeba redio,
wakabeba na sufuria la wali likiwa la moto.
Afande akasoma, akasema, majina?
Nikasema, wangekuwa na majina ningekuja kununua bunduki?

Usiku ule nikautoa mchi.
Ulizidi fundo la kanga kwa vidole vitatu; unatosha.
Taa nimezima. Hatua ya kwanza, ya pili,
ya tatu nikagonga fremu ya mlango.
Nambwele akajigeuza, akasema jambo la ndotoni.
Nikamruka.

Ndipo mlango ukabishwa.

Siyo hodi. Ngumi mbili, kisha kimya.
Mchi ukapanda begani wenyewe,
na kidole changu cha shahada
kikawa kinatafuta kwenye mti laini
kitu ambacho mti hauna.
Nani?
Kimya.
Nani?
Kidole kikabana.

Kikohozi. Nakijua kile kikohozi.
Chilumba, mtoto wa mdogo wangu,
mfuko wa ming'oko mkononi, uraka kichwani,
simu imezima, gari limemwacha Nanyamba.
Mama mkubwa, mbona umeshika mchi saa nane usiku?
Natwanga.
Gizani?
Gizani.

Tukala ming'oko na chumvi, ya baridi.
Alisimulia habari ndefu ya kondakta na chenji yake.
Mimi nilikuwa nakitazama kidole.
Kilikuwa bado kimekunjika, kama ndoano,
nikakinyoosha kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu naambiwa kibali kitakuwa tayari.
Magunia nimeyahesabu mara mbili: kumi na moja.
Nimemwambia Chilumba, kuanzia leo,
ukifika kwangu usiku piga kelele toka barabarani,
taja jina lako, la baba yako, na la kijiji,
waamke wote, watutukane.
Akacheka, akadhani ni uraka wake unaosemwa.

Kanga ile nimeifua jana.
Fundo sikulifungua. Limekauka nalo.